Uzi: Kabla jiji halijapanua kituo chake cha mikutano na burudani, kwanza tuisome kalenda yake

Ndugu wanajukwaa,

Vituo vingi vikubwa vya mikutano na burudani duniani ni mali ya umma. Jiji, jimbo au serikali kuu hukopa, hujenga, kisha hubeba deni hilo kwa miongo kadhaa, ilhali faida kubwa huonekana nje ya jengo: hotelini, migahawani, kwenye teksi na madukani. Kwa sababu hiyo uamuzi wa kupanua kituo hauwezi kuachiwa uongozi wa kituo na wakandarasi peke yao. Nimefanya kazi ya ratiba na mikataba ya kumbi kwa muda wa kutosha kuamini jambo moja: upanuzi mwingi huamuliwa kabla mtu hajaifungua kalenda ya kituo na kuisoma siku kwa siku.

Nieleze ninachokusudia. Chukulia ukumbi mmoja mkubwa wa sakafu bapa unaopokea maonesho 30 kwa mwaka. Kila onesho lina siku tatu za wageni, lakini kabla yake kuna siku tatu za kuingiza mizigo, kutandika mazulia, kusimamisha mabanda na kuvuta umeme, na baada yake kuna siku mbili za kubomoa na kuondoa. Kila onesho limekula siku nane. Maonesho 30 yamekula siku 240, yaani takriban asilimia 66 ya mwaka. Watu wa sekta hii huhesabu kwamba ukaliaji, yaani sehemu ya siku za mwaka ambazo ukumbi unatumika, wa karibu asilimia 70 ndio kikomo cha vitendo, kwa kuwa sikukuu, matengenezo na mapengo madogo kati ya tukio na tukio hayauziki. Kwa hiyo meneja akisema ukumbi umejaa, anasema kweli. Sasa punguza siku moja ya kuingiza na siku moja ya kubomoa. Kila onesho linabaki na siku sita, jumla inakuwa 180, na ukaliaji unashuka hadi asilimia 49. Siku 60 zimepatikana bila kuongeza tofali.

Siku hizo hazipatikani kwa kuwahimiza watu waharakishe. Zinapatikana nyuma ya jengo, mahali ambapo viongozi wanaotembelea kituo hawapelekwi. Kituo chenye milango sita ya kushushia mizigo na uwanja wa malori kusubiri kwa zamu, kila lori likiwa na saa yake, hufanya kwa siku mbili kazi ambayo kituo chenye milango miwili na foleni ya barabarani huifanya kwa siku nne. Sakafu yenye visanduku vya umeme, maji na mtandao kila baada ya mita chache humpunguzia fundi usiku mzima wa kutandaza nyaya. Mkataba unaomtoza mwandaaji kwa kila saa anayopitiliza wakati wa kubomoa humfanya apange watu wa kutosha tangu mwanzo. Hayo yote yana gharama, ila gharama hiyo haifanani hata kidogo na ya kujenga ukumbi mpya.

Jambo la pili ninalotaka kila diwani aliulize ni rejesta ya waliokataliwa. Kituo kinachoendeshwa vizuri huandika kila ombi lililokosa nafasi: lilitaka tarehe zipi, lilihitaji mita ngapi za mraba na vyumba vingapi vidogo, lilitarajia wageni wangapi wa kulala, na hatimaye lilikwenda wapi na kwa nini. Rejesta hiyo ikisomwa kwa makini mara nyingi hutoa jibu lisilotarajiwa. Mikutano ya madaktari au wahandisi ikikikimbia kituo, kisa huwa ni ukumbi wenye viti 3,000 usiokuwa na vyumba 25 vya vikao sambamba, au ni hoteli zilizo karibu kutoweza kutenga vyumba 1,500 kwa pamoja. Ukijenga sakafu nyingine ya maonesho mahali ambapo kilichopungua ni vitanda, umeongeza deni na tatizo limebaki palepale.

Nawakaribisha mchangie, hasa mliowahi kufanya kazi ndani ya kumbi hizi.

Mchangiaji wa kwanza

Mwanzisha uzi, nakushukuru kwa hesabu hiyo. Hata hivyo naona umeegemea mikutano na maonesho. Tamasha moja la muziki hujaza viti usiku mmoja, hulipa fedha taslimu na kuondoka kesho yake asubuhi. Kwa nini jiji lisigeuze kituo kiwe cha burudani zaidi, ambapo fedha huingia haraka?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, swali lako linagusa mvutano mkubwa kuliko yote katika uendeshaji wa kituo cha aina hii, na naomba nilijibu kwa kirefu.

Mkutano mkubwa wa kitaaluma huchagua mji miaka mitatu, minne au zaidi kabla ya tarehe yake. Ziara ya mwanamuziki hupangwa miezi michache kabla. Hao wawili wanataka ukumbi uleule, lakini wanagonga mlango katika nyakati tofauti kabisa. Ukimpa mwanamuziki tarehe mapema mno, unaweza kuvunja wiki ambayo mkutano wa watu 6,000 ungeihitaji yote. Ukizishikilia tarehe zote kwa ajili ya mikutano ambayo haijathibitishwa, unafika mwezi wa tukio ukiwa na ukumbi mtupu na taa zimezimwa. Vituo vingi hutatua jambo hili kwa kanuni ya kipaumbele iliyoandikwa: tarehe zilizo mbali kwa zaidi ya miezi 18 hivi ni za matukio yanayoleta wageni wa kulala hotelini; zikibaki ndani ya muda huo, milango hufunguliwa kwa matamasha, mahafali, maonesho ya umma na harusi. Pembeni yake kuna utaratibu wa hodhi ya kwanza na hodhi ya pili, yaani kushikilia tarehe kwa zamu kabla ya kusaini mkataba, ambapo anayeshikilia nafasi ya pili akileta malipo ya awali, wa kwanza hupewa saa chache ama asaini ama aachie.

Kanuni hiyo lazima iwe imepitishwa na bodi na iwe hadharani. Isipokuwepo, kila tarehe nzuri hugeuka kuwa suala la nani anamjua nani, na msimamizi wa ratiba hupokea simu kutoka ofisi ambazo hazipaswi kumpigia.

Kuhusu fedha, kweli tamasha hulipa haraka. Lakini mhudhuriaji wa tamasha kwa kawaida hutoka mjini humohumo, na fedha aliyotumia usiku ule pengine angeitumia mahali pengine katika mji huohuo. Mjumbe wa mkutano hutoka mbali, hulala usiku tatu au nne, na fedha yake ni mpya kwa uchumi wa jiji. Ndiyo maana vituo hukubali kumpunguzia mwandaaji wa mkutano kodi ya ukumbi, wakati mwingine hadi karibu na sifuri, kisha vikafidia kwa chakula na vinywaji, umeme, mtandao, uning'inizaji wa vifaa darini na maegesho. Jiji nalo hurudisha sehemu yake kupitia tozo ya malazi. Huko Las Vegas tozo ya vyumba vya hoteli ndiyo nguzo ya mamlaka inayoendesha kituo cha mikutano, na ndiyo iliyowezesha kujengwa kwa ukumbi wa magharibi uliofunguliwa mwaka 2021 kwa gharama ya karibu dola bilioni moja. Ila Las Vegas ina vyumba vya hoteli vinavyozidi laki moja. Mji usio na vyumba hivyo hauwezi kuazima hesabu ya Las Vegas.

Kwa hiyo simwambii mtu aache burudani. Burudani huziba mapengo ya kalenda, hukipa kituo sura mbele ya wananchi wanaokilipia, na hulipa mishahara katika miezi ambayo mikutano imelala. Msimamo wangu ni kwamba ijaze nafasi zilizobaki kwa kanuni inayojulikana.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni fundi wa jukwaa, taa na sauti. Naunga mkono hoja ya kuangalia nyuma ya jengo, na ningependa kuongeza mambo ambayo wasanifu huyasahau kila mara wanapochora upanuzi.

La kwanza ni dari. Onesho la kisasa huning'iniza tani nyingi za taa, skrini na spika. Ikiwa paa halikukokotolewa kubeba uzito huo katika nukta nyingi, na ikiwa hakuna ramani inayoonyesha kila nukta inabeba kilo ngapi, tunalazimika kusimamisha minara ya chuma sakafuni. Minara hiyo inaziba macho ya watazamaji na inaongeza siku nzima ya kazi. La pili ni sauti nzito ya besi. Ukuta wa kuhamishika huzuia maneno ya mhadhiri yasivuke chumba cha jirani, lakini hauzuii besi, kwa sababu mtikisiko husafiri kupitia sakafu na fremu ya jengo. Nimewahi kuona jaribio la mitambo ya tamasha likisimamishwa kwa sababu upande wa pili wa ukuta kulikuwa na kikao cha wataalamu waliokuwa wanasikiliza ukalimani kwa vipokea sauti. Jengo linalotaka kuchanganya mikutano na burudani lazima litenganishe misingi ya sehemu hizo mbili, au liwe na ratiba inayokataza ziamke kwa wakati mmoja. La tatu ni milango: lori liweze kuingia hadi sakafuni. Kila sanduku linalosukumwa kwa mkono mita 100 kutoka kwenye lori huongeza gharama ya mwandaaji, na mwandaaji hukumbuka.

Viti vya kukunjika vinavyorudi ukutani ni uwekezaji mzuri mno. Ukumbi unakuwa na ngazi za viti usiku wa tamasha, na asubuhi unarudi kuwa sakafu bapa ya maonesho.

Mwanzisha uzi

Mchango huo ni wa thamani kubwa. Naomba kila anayesoma auhifadhi, maana unaonyesha kwamba mafundi wanapaswa kuketi mezani wakati mchoro ungali kwenye karatasi.

Mchangiaji wa tatu

Tukubali kwamba rejesta imesomwa, ratiba imebanwa, na bado nafasi haitoshi. Je, jiji lipanue vipi bila kuwapoteza wateja waliopo wakati wa ujenzi?

Mwanzisha uzi

Hapo kuna njia mbili, nazo zina mifano inayojulikana.

Sydney ilichagua kubomoa. Kituo cha zamani cha Darling Harbour, kilichofunguliwa mwaka 1988, kilifungwa Desemba 2013, na kipya kikafunguliwa Desemba 2016. Katika miaka hiyo mitatu maonesho yalihamishiwa kwenye kumbi za muda zilizosimamishwa Glebe Island, katika mji huohuo, ili waandaaji wasizoee miji mingine. Hong Kong ilichagua kujenga huku ikifanya kazi: kituo chake kilifunguliwa mwaka 1988, awamu ya pili ikakamilika mwaka 1997, kisha kati ya 2006 na 2009 sehemu inayounganisha awamu hizo mbili ikapanuliwa juu ya maji, wakati maonesho yakiendelea pande zote mbili. Njia ya pili inahitaji nidhamu kubwa. Kelele za ujenzi hupangwa usiku au katika wiki zisizo na matukio, kalenda ya matukio huwekwa ndani ya mkataba wa mkandarasi, na mwandaaji huambiwa mapema ni mlango gani utafungwa mwezi upi. Cape Town ilifuata njia iliyo rahisi zaidi pale ardhi inapopatikana: jengo la pili lilijengwa ng'ambo ya barabara na kuunganishwa na la kwanza la mwaka 2003 kwa daraja la juu, likafunguliwa rasmi mwaka 2018. Mimi naona njia hiyo ndiyo bora kwa mji wenye kituo kimoja tu, kwa sababu jengo la zamani linaendelea kuingiza fedha hadi siku ya mwisho, na baadaye majengo mawili yanaweza kupokea wateja wawili wasiokutana, hata kama mmoja ni kongamano la kisayansi na mwingine ni tamasha. Yale aliyoyasema fundi kuhusu besi yanapata jibu hapo.

Kuhusu gharama, mfano ninaoutumia kila mara ni wa Vancouver. Jengo la magharibi la kituo cha mikutano cha mji huo lilikadiriwa dola za Kanada milioni 495. Lilipofunguliwa mwaka 2009 gharama ilikuwa imefika takriban milioni 883. Ni jengo zuri, lenye paa lililooteshwa mimea la ekari sita, na katika Olimpiki ya majira ya baridi ya 2010 lilihifadhi watangazaji wa dunia. Lakini ujenzi ulianza huku michoro haijakamilika na bei haijafungwa, sehemu kubwa ya jengo ikisimama juu ya maji, katika kipindi ambacho bei za vifaa na kazi zilikuwa zinapanda mjini humo. Tarehe ya Olimpiki haikuweza kusogezwa, na mteja asiyeweza kusogeza tarehe hana nguvu ya kujadiliana bei. Ningependa bodi yoyote inayoahidi kumaliza ukumbi kabla ya tukio fulani kubwa iwaeleze walipakodi, kwa maandishi, ni nani atakayelipa ziada bei ikipanda.

Mchangiaji wa nne

Hakuna aliyetaja usalama. Katika kumbi nilizosimamia kama mkaguzi, tatizo halikuwa ukosefu wa vifaa bali mabanda yaliyoziba njia za kutokea na nyaya zilizounganishwa ovyo usiku wa mwisho.

Mwanzisha uzi

Umenikumbusha jambo ambalo lilipaswa kuwa katika andiko la kwanza. McCormick Place ya Chicago, kituo kikubwa kuliko vyote Amerika Kaskazini hadi leo, kilifunguliwa mwaka 1960 na kuungua Januari 1967, wakati maonesho ya vifaa vya nyumbani yakiwa yamejaa ukumbini. Jengo lilikuwa la chuma na zege, na wengi waliamini kwamba haliwezi kuungua. Kilichoungua kilikuwa kilichomo ndani: mbao, vitambaa, maboksi na bidhaa za mabanda. Sakafu ya maonesho haikuwa na mfumo wa maji ya kuzimia moto darini, mabomba ya nje ya zimamoto yalikosa maji wakati yalipohitajika, na chuma cha paa kisichokuwa na kinga kilipinda na kuanguka. Mlinzi mmoja alifariki. Jengo jipya lilifunguliwa mwaka 1971.

Tangu hapo hakuna sababu ya msimamizi yeyote wa ukumbi kusema hakujua. Ramani ya mabanda ipitishwe na zimamoto kabla ya vibanda kuuzwa, kwa sababu baada ya kuuzwa hakuna anayekubali kupunguziwa mita. Vitambaa viwe na cheti cha kutoshika moto kirahisi. Uunganishaji wa umeme ufanywe na mafundi wa kituo au wale waliosajiliwa na kituo. Na upanuzi unapofanyika, jengo la zamani lipandishwe hadhi ya usalama sambamba na jipya, maana moto hautofautishi awamu ya kwanza na ya pili.

Mchangiaji wa tano

Nauliza upande wa uendeshaji. Je, ni vyema jiji liendeshe lenyewe, au likabidhi kampuni binafsi?

Mwanzisha uzi

Mifumo yote miwili inafanya kazi mahali fulani. Kampuni ya maonesho ya Frankfurt inamilikiwa na jiji kwa asilimia 60 na jimbo la Hesse kwa asilimia 40, nayo huandaa maonesho yake yenyewe badala ya kungoja wapangaji. Sydney imekabidhi uendeshaji kwa kampuni binafsi kwa mkataba wa muda mrefu. Kilicho muhimu zaidi ni maandishi ya mkataba. Kampuni ikilipwa kwa kigezo cha mapato ya ndani ya jengo pekee, itajaza kalenda kwa matukio yanayouza chakula na tiketi nyingi, na itaachia mikutano inayojaza hoteli za mji. Malipo yake yafungwe pia na idadi ya vyumba vilivyolaliwa, hali ya jengo na maoni ya waandaaji. Pia kila mwaka fedha zitengwe katika mfuko wa ukarabati usioguswa kwa jambo lingine. Viyoyozi, lifti, mazulia na kuta za kuhamishika huchakaa kwa ratiba inayojulikana, na kituo kisichokuwa na mfuko huo hujikuta baada ya miaka 15 kikiomba upanuzi ili kufunika uchakavu.

Nimalizie na makadirio ya washauri. Profesa Heywood Sanders wa Chuo Kikuu cha Texas, San Antonio, amelinganisha kwa miaka mingi yale yaliyoahidiwa na washauri wa miji ya Marekani na yale yaliyotokea baada ya kujengwa, na ameonyesha kwamba miji mingi iliongeza nafasi kwa pamoja wakati idadi ya wahudhuriaji haikukua kwa kasi hiyo, hivyo ikaishia kunyang'anyana wateja kwa punguzo la kodi ya ukumbi. Wapo wanaompinga, wakisema kituo kinapaswa kupimwa kwa uhai wa katikati ya mji na si kwa idadi ya wajumbe peke yake, na hoja hiyo ina uzito wake. Lakini hata anayeikubali hoja hiyo anapaswa kuziona takwimu za kituo chake mwenyewe kabla ya kunyoosha mkono kupiga kura. Kwa hiyo yeyote ambaye jiji lake linajadili upanuzi sasa, naomba aiombe bodi nyaraka nne: kalenda ya miaka mitano iliyopita, ikitenganisha siku za wageni na siku za kuingiza na kubomoa, rejesta ya waliokataliwa, hesabu ya mfuko wa ukarabati, na ripoti ya mshauri pamoja na ile aliyoiandika kwa ajili ya mji mwingine angalau miaka kumi iliyopita, ili zilinganishwe na kilichotokea huko. Atakayezipata, aziweke hapa tuzisome pamoja.